Springi ya Magazini Namba Kumi na Saba

Kila siku saa nane mchana, jua likishameza vivuli vyote vya kituo, Batuli alisinzia. Hakuwa mvivu, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, Mrangi wa upande wa Kolo, aliyetembea porini na bunduki begani kwa miaka ishirini na moja mpaka magoti yakagoma, ndipo akapewa funguo za ghala la silaha. Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha mawe chenye ubaridi kama wa ndani ya mtungi, na dirisha moja la nondo, meza ndefu, na rafu ambako bunduki kumi na mbili za askari wa wanyamapori zilisimama usiku zikisubiri wenyewe. Saa hiyo ya mchana askari wako doria, mkuu wa kituo yuko ofisini kwake, na upepo unapita juu ya bati kwa mwendo mmoja usiokatika. Batuli aliketi kwenye stuli yake, mikono ikaendelea na kazi, yeye akaenda zake.

Huko alikokwenda hakupajua vizuri. Mara nyingi alijiona mtoto, akipanda kilima nyuma ya nyumba ya mama yake kwenda kwenye mwamba wenye watu wekundu, wale warefu wembamba waliochorwa zamani na watu ambao hakuna anayewajua. Katika usingizi ule watu wale walitembea mmoja nyuma ya mwenzake kando ya jiwe, hawana haraka, na tembo wao, na twiga wao. Kisha kitu kiligonga mezani, chuma juu ya chuma, naye akafumbua macho na kukuta magazini imeshafunguliwa kitako, springi imetolewa, imefutwa, na kwenye kidole chake kuna tone la mafuta.

Magazini ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa kuliko bunduki zenyewe. Ni kisanduku chembamba cha chuma kinachochomekwa chini ya bunduki, ndani yake risasi zimelaliana, na chini ya risasi kuna springi ndefu inayozisukuma juu moja baada ya nyingine. Springi ikilegea, risasi haipandi, na bunduki yote inabaki gongo tu. Batuli alizifungua kila wiki, akazifuta vumbi lile la uwandani ambalo ni laini kama unga wa mtama, akazipaka mafuta kidogo sana kwa tambara kisha akayafuta tena, maana mafuta mengi hukamata vumbi na kuligeuza tope.

Haya yote alifundishwa na mzee Matonya, Mgogo aliyelitunza ghala kabla yake na ambaye sasa ni marehemu. Matonya alikuwa mtu wa maneno machache, ila kuhusu springi alizungumza. Alimwambia springi haichoki kwa kubanwa na kuachwa imebanwa. Inachoka kwa kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Inachoka kwa kutu, na kwa mtu anayelazimisha risasi ya ziada pale ambapo imekwisha shiba. Na ikichoka, itupwe, iwekwe mpya. Kamwe asiivute kwa mikono ili irudi urefu wake, kwa sababu springi iliyovutwa hudanganya: siku mbili tatu itasukuma kama kijana, kisha itapinda. Siku ya kumkabidhi funguo, Matonya alimwonyesha sanduku chini ya rafu ya mwisho lenye magazini tano zilizojazwa risasi. Hiyo ni akiba, alisema, zikae hivyo hivyo mpaka siku ya haja. Miaka tisa ilikuwa imepita, na siku ya haja haikuwa imefika.

Mwanzoni mwa Juni, mahindi ya mwisho yakiwa bado yamesimama mashambani, tembo waliteremka kutoka milimani. Watu wa kijiji cha chini walipiga simu kituoni alfajiri, na askari watatu wakaondoka. Aliyeongoza alikuwa Batholomeo, mtu wa miaka arobaini na tano, mpenda hadithi, ambaye alichukua bunduki mikononi mwa Batuli kila asubuhi akimwamkia shikamoo dada na kumuuliza amelalaje. Asubuhi ile alimwamkia vivyo hivyo, akasaini, akachukua na magazini namba kumi na saba.

Mambo yaliyotokea shambani Batuli aliyasikia kutoka kwa wenzake wawili. Tembo walikuwa saba, na ukungu ulikuwa bado haujainuka, kwa hiyo walionekana migongo tu, kama vichuguu vinavyotembea. Batholomeo alipiga risasi hewani, wakaanza kuondoka. Akapiga ya pili, wakaongeza mwendo. Lakini mmoja, jike mwenye mtoto, mtoto wake alikuwa amebaki upande wa pili wa askari, na yule jike akageuka. Batholomeo alivuta kifyatulio mara ya tatu na bunduki ikanyamaza. Akaipiga magazini kitako, akavuta tena, kimya. Akakimbia. Korongo lilikuwa hatua thelathini mbele yake, akaangukia humo bila kulipima, akavunja paja na mfupa wa bega. Yule jike alisimama ukingoni juu yake kwa muda ambao mmoja wa wale wawili alisema ni dakika moja, na mwingine akasema ni robo saa. Alikuwa anapumua, na mchanga ulimdondokea Batholomeo usoni kutoka kwenye nyayo zake. Kisha mtoto akalia upande wa pili, na mama akamfuata.

Walimleta kituoni wamemlaza kwenye turubai nyuma ya gari kabla ya kumkimbiza hospitali. Batuli alikwenda kumpokea bunduki. Uso wa Batholomeo ulikuwa na rangi ya jivu, lakini alifumbua macho akamtazama.

"Haikupanda, dada," alisema.

Batuli aliichukua magazini na kurudi nayo ghalani. Alipofunga mlango, picha ilimjia. Aliona mikono yake mwenyewe imeshika springi, mmoja huku na mwingine huku, ikivuta. Aliona jua kwenye kizingiti. Alihisi kinywa kikavu, na uzito mtamu wa usingizi kwenye kope. Hayo tu. Hakujua ni lini, wala hakujua kama ni jambo alilolifanya au ni miongoni mwa yale yaliyompitia saa nane mchana, pamoja na mwamba na watu wekundu. Aliiweka magazini mezani bila kuifungua, na kwa siku tatu aliizunguka kama mtu anavyozunguka chungu cha moto.

Siku ya nne alifika mkaguzi kutoka Dodoma mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Restuta. Alikuwa na adabu na macho makali. Alimwamkia Batuli shikamoo mama, akaomba aonyeshwe ghala, akaandika kila kitu kwenye kompyuta yake ndogo. Alipofika kwenye sanduku la chini ya rafu, alisimama. Aliuliza magazini zile zimekaa zimejaa tangu lini. Batuli akajibu miaka tisa, labda na zaidi, na kwamba ndivyo zilivyoachwa na marehemu Matonya. Restuta akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta; namba kumi na saba hakuomba hata ifunguliwe.

Mchana ule, katika ofisi ya mkuu wa kituo, aliyeitwa Mustapha, mkaguzi alieleza atakavyoandika. Kituo kilikuwa na desturi mbaya ya kuacha magazini zimejaa kwa miaka, springi zikafa zikiwa zimebanwa. Desturi hiyo ilianzishwa na mtunza ghala wa zamani. Tangu sasa risasi zote zitolewe kila jioni na kurudishwa kila asubuhi. Mustapha alishusha pumzi. Alikuwa mtu mwema mwenye woga wa barua, na mkosaji aliyekwisha zikwa alimfaa sana. Alimtazama Batuli kwa macho ya kumwambia kwamba jambo limekwisha. Batuli alitoka, akarudi ghalani kwake.

Kesho yake askari walipokwisha ondoka, alijifungia ghalani na kulivuta lile sanduku la akiba. Zile magazini tano zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya nta, hazina vumbi wala kutu. Alichukua ya kwanza, akaanza kuzisukuma risasi kwa dole gumba, moja moja, akizihesabu zikidondoka kwenye kitambaa. Kila risasi iliyotoka, nyingine ilipanda mahali pake mara moja, ikiwa na nguvu ileile, mpaka ya mwisho. Ya pili ikawa hivyo, na ya tatu, na ya nne, na ya tano. Miaka tisa kizani, na zilipanda kana kwamba Matonya amezijaza jana jioni.

Kisha akazitoa springi zake, akazipanga mezani pamoja na springi moja mpya kabisa aliyokuwa nayo, ya mwisho. Za akiba zilikuwa fupi kuliko ile mpya kwa upana wa ukucha. Akafungua magazini za kazi, zile zinazojazwa na kutolewa mara kadhaa kwa wiki, zinazoanguka kwenye mawe na kulala kwenye vumbi la doria. Springi zake zilikuwa fupi zaidi, nyingine kwa upana wa vidole viwili. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema mzee. Ilibaki namba kumi na saba.

Aliifungua. Springi ikatoka kwa shida, ikiwa imelalia upande mmoja, na kwenye ukuta wa ndani wa magazini kulikuwa na mkwaruzo mrefu unaong'aa, pale ambapo kibamba kinachobeba risasi kilipanda kwa kuinama mpaka kikakwama. Aliinyoosha mezani karibu na ile mpya.

Ilikuwa ndefu kuliko mpya.

Batuli alikaa. Hakuna springi inayorefuka kwa kutumika. Na mizunguko yake haikuwa sawasawa: katikati ilikuwa imeachana, huku mwishoni imebanana, na kwenye ncha moja kulikuwa na alama ndogo ya koleo lake mwenyewe, lile lenye jino lililomeguka.

Sasa ikamjia yote. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, siku chache tu kabla ya tembo kuteremka, saa zile kabla ya alasiri ambapo mwili mtupu huwa mwepesi na sauti zote hutoka mbali. Alikuwa ameandika barua mbili za kuomba springi mpya na hazikujibiwa. Namba kumi na saba ilikuwa inapandisha kwa uvivu, na ile moja mpya alikuwa anaionea huruma, anaiwekea siku mbaya zaidi. Akajiambia aivute hii kidogo tu, mpaka mzigo ufike. Akaishika kwa koleo na mkono, akavuta, akaona imekubali. Akairudisha, akaegemea ukuta, akalala. Alipoamka aliiweka kwenye safu pamoja na nyingine, na jambo lenyewe likabaki kule usingizini, halikutoka naye.

Upepo ulipita juu ya bati. Aliwaza kwamba Matonya hana tena wa kumlaumu wala wa kumwita ofisini, na kwamba yeye amebakiza miezi minane tu kustaafu. Akawaza tena juu ya ile amri ya kujaza na kutoa, kujaza na kutoa, kila siku ya Mungu, na springi zile fupi zikizidi kufupika, na asubuhi nyingine ya ukungu. Akazikusanya springi tatu kwenye tambara, akafunga ghala, akavuka uwanja.

Restuta na Mustapha walikuwa wanakunywa chai. Batuli alizilaza springi juu ya meza yao, moja moja, akaeleza ipi ni mpya, ipi imekaa imebanwa miaka tisa, na ipi ni ya Batholomeo.

"Hii ya tatu niliivuta mimi," alisema. "Mzee Matonya hahusiki."

Mustapha alianza kusema kwamba mama amechoka, kwamba tukio limemgusa, kwamba hakuna aliyemuuliza. Batuli alimwacha amalize. Restuta alikuwa ameichukua ile springi na kuigeuzageuza karibu na dirisha.

"Ulijua kwamba haifai?" aliuliza.

"Nilijua. Nimewafundisha wote hapa kwamba haifai."

"Kwa nini basi?"

Batuli alisema tu kwamba aliandika barua mbili, kwamba alikuwa amefunga na usingizi ulikuwa umemkamata, na kwamba hayo yote hayakuuvuta mkono wake. Kisha akasema lile lililomleta hasa: wakitoa risasi kila jioni kama alivyotaka kuandika, springi zote za kituo zitakwisha kabla ya mwaka. Magazini za doria zibaki zimejaa, zisizidishwe, zifunguliwe kwa kufutwa tu, na kila springi iliyofupika kuliko ile mpya kwa upana wa kidole itupwe. Akaomba hilo liandikwe, hata kama jina lake litakaa juu yake.

Likaandikwa. Restuta aliifuta ripoti ya kwanza mbele yake na kuanza nyingine, na ndani yake aliziweka pia zile barua mbili na tarehe zake. Wiki mbili baadaye springi mpya zilifika, boksi zima. Kwenye gari hilohilo kulikuwa na barua ya onyo kali, na amri ya Batuli kukabidhi funguo na kuhamia getini, kuandika majina ya wageni wanaoingia hifadhini. Alikabidhi bila kinyongo. Ila siku ya kwanza ya getini mikono yake haikujua pa kukaa.

Lilikuwa limebaki moja. Batholomeo alikuwa ametoka hospitali, anauguzwa kwake Kibaigwa, ambako mkewe Aneth aliuza mahindi sokoni. Batuli alimkuta amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya kibanda cha nyuma ya nyumba, mguu umenyooshwa kwenye plasta. Malori yalikuwa yananguruma barabarani, na pumba za mahindi zilielea hewani zikiwaka juani. Aneth alimletea maji ya kunywa, akarudi sokoni.

Batholomeo alikuwa amepungua. Hakuwa na hadithi. Alimwamkia Batuli kama kawaida, akasema anamwota yule jike kila anapofumba macho, mchana au usiku. Katika ndoto anamsikia akipumua, na mkono wake unatafuta magazini, unaipiga, haiingii.

"Sikuichomeka vizuri," alisema. "Ndiyo ninayoyaona. Nilikuwa nacheka na wale wenzangu, nikaichomeka nusu. Nimemwambia Aneth, mtu wa miaka kumi na saba kazini, amesahau kitu anachofundishwa mtoto wa depo siku ya kwanza ya mafunzo."

Batuli hakuwa amelitegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kukutana na hasira, na njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alimwambia kwamba aliichomeka sawasawa. Akamwambia habari ya springi, na koleo, na Ramadhani, na jinsi alivyolala.

Lori moja likapita, na jingine, na jingine. Batholomeo alikuwa anatazama paa la kibanda, na machozi yakamshuka pembeni kuelekea masikioni, naye hakuyafuta kwa sababu mkono wa upande ule ulikuwa umefungwa.

"Mwezi mzima," alisema mwishowe. "Mwezi mzima nimelala hapa nikijichukia, na wewe ulikuwa unajua."

"Sikujua siku zote hizo. Lakini tangu nilipojua, nilipaswa kuja siku ileile. Niliogopa."

"Nenda, dada," alisema. Hakusema kwa ukali. "Siku nyingine uje. Leo nenda."

Akaenda. Alirudi baada ya majuma matatu, na Batholomeo akaongea naye habari za bei ya mahindi na za mguu wake, basi. Alirudi tena Agosti. Safari hiyo Aneth alimwambia mlangoni kwamba mumewe sasa analala usingizi, wa kweli, mpaka kunakucha, na kwamba yeye Aneth bado hajaamua kama atamsamehe Batuli. Batuli akajibu kwamba hana haraka.

Novemba Batholomeo alirudi kituoni na mkongojo wa mti. Doria ilikuwa imemshinda, kwa hiyo walimpa chumba cha redio, mita hamsini kutoka getini. Siku za mwanzo alipita mbele ya kibanda cha Batuli, akamwamkia, akaendelea. Mvua zilikuwa bado hazijaja na wageni walikuwa wachache. Alasiri moja ya joto, ardhi ikitetemeka mbele ya macho na milima ikionekana imeinuka kidogo kutoka chini, alikuja na bakuli la karanga alizoletewa kutoka Kongwa. Aliliweka kwenye meza ya kitabu cha wageni, akaketi kwenye benchi na kunyoosha mguu wake.

Walimenya karanga. Baada ya muda alianza kumsimulia kisa cha mgeni mmoja Mzungu aliyepotea katika pori la Swagaswaga akitafuta choo, kisa ambacho Batuli alikwisha kisikia mara nne, na kila mara kilikuwa tofauti. Alikisikiliza mpaka katikati. Hapo sauti ya Batholomeo ikapungua, ikawa ya kunong'ona, ikakatika. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, ganda la karanga limemganda kwenye mdomo wa chini.

Batuli alimwangalia kwa kitambo. Akalisogeza bakuli lisije likaanguka, akautazama mstari wa barabara nyekundu kuona kama kuna gari linalokuja. Hakukuwa na gari.